Vijito Vilivyozikwa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mkutano wa mtaa unaogusa mitaro na mafuriko huishia kwenye ubishi uleule: vijito vinavyoshuka kutoka milimani tuvifunike kabisa, au tuvifunue? Nimeishi bondeni, chini ya mlima wa mawe, tangu utotoni, na msimamo wangu nausema mapema ili usinitafute kati ya mistari: vifunuliwe, ila kwa mpangilio. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayoyatoa.

Kufunua kijito ni kufanya nini hasa?

Ni kuondoa kilichowekwa juu ya maji, iwe slabu, kalavati, kifusi au lami, halafu kuyapa maji njia iliyo wazi yenye kingo, mimea na nafasi ya kujaa mvua inaponyesha. Si lazima kijito kirudi kama kilivyokuwa enzi za mababu. Mara nyingi hakiwezi, kwa sababu mji umeshajengwa pembeni yake. Ila jua hukifikia tena, na watu hukiona.

Kusafisha mtaro ni kazi nyingine. Hiyo ni ya kila mwaka, hata kijito kikishafunuliwa.

Mto Mirongo si uko wazi? Ulizikwa lini?

Haukuzikwa. Unapita Mabatini, unakatiza katikati ya jiji na kumwaga ziwani, na sehemu kubwa unaonekana kwa macho. Lakini mto haujileti wenyewe. Mirongo unalishwa na vijito vinavyotiririka kutoka milimani, na hivyo vidogo ndivyo vilivyozikwa, kipande kwa kipande. Hapa kimeingizwa kwenye kalavati, pale kimewekewa slabu na juu yake zikapangwa fremu za maduka, mbele kidogo kinapita chini ya uzio wa mtu na kutokea upande wa pili kikiwa cheusi.

Na Mirongo wenyewe, japo uko wazi, tumeupa kisogo. Tembea kandokando yake uone: milango iko upande wa barabara, mtoni yanatazama madirisha ya vyoo na mabomba ya maji machafu. Kwa hiyo tunapozungumzia kufunua, tunamaanisha vijito vilivyo chini ya zege na pia mto huu ambao hatuna habari nao.

Nitajuaje kama chini ya nyumba au barabara yangu kuna kijito?

Dalili zipo nyingi ukizitafuta. Barabara inayotitia mahali palepale kila mwaka hata ikijazwa kifusi. Ukuta wenye alama ya unyevu inayofika kimo cha goti na isiyokauka hata mwezi wa nane. Magimbi au migomba iliyosimama kijani kibichi wakati majirani wote wana vumbi. Nyumba mbili zilizoachiana nafasi isiyoeleweka, kama vile kitu kilikuwa kinapita katikati.

Dalili iliyo bora ni mzee wa mtaa. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye sote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alinishika mkono siku moja tukitoka kanisani, akanisimamisha kwenye kibaraza cha duka la vocha. “Hapa, mwanangu, ndipo tulipokuwa tunafulia,” aliniambia. “Jiwe letu lipo chini ya hilo duka.” Nikamjibu, “Mayu, hapa pana kijito?” Akacheka, akaniambia niiname. Nilipiga magoti, nikaweka sikio kwenye tundu la slabu, pale wanapopitisha maji ya kudekia. Ilikuwa mwezi wa saba, hakuna tone la mvua. Nikasikia maji yanatembea, taratibu, kama mtu anayemimina chai kutoka mbali. Nimepita mbele ya duka lile maisha yangu yote na sikujua.

Jaribu na wewe, alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza.

Kwani vilifunikwa kwa nini? Waliovifunika walikosea?

Siwezi kumlaumu mtu. Mwanza imebanwa na mawe pande zote, na tambarare ni chache. Nyingi kati ya hizo chache ni mabonde ya maji. Mtu akifunika mita tatu za mtaro mbele ya nyumba yake anapata kibaraza, jirani naye anafunika zake, na baada ya miaka michache mtaa mzima umetoweshewa kijito bila uamuzi wa mtu yeyote. Wengine walifunika kwa sababu mtoto aliwahi kutumbukia. Wengine kwa sababu ya harufu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na nyingi ni sababu za kweli.

Mafuriko je? Si tujenge kalavati kubwa zaidi, tufunike, tumalize?

Hili ndilo swali zito, nalijibu kwa kirefu.

Milima yetu ni miamba ya granaiti yenye udongo kiduchu. Mvua ikinyesha Mabatini au Igogo hainywewi na ardhi kama inavyonywewa kwenye udongo wa mashambani. Inagonga jiwe, inagonga bati, inagonga sakafu ya saruji, na ndani ya dakika chache iko bondeni. Kadiri nyumba zinavyopanda mlimani na miti inavyokatwa, ndivyo maji yanavyoshuka kwa kasi na kwa wingi kuliko yale ambayo fundi aliyapigia hesabu siku ya kujenga kalavati. Na Mwanza inakua: kwa sensa ya mwaka 2022, Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni moja.

Sasa, kalavati lina ukomo. Likishajaa hadi juu, limejaa. Haliwezi kutanuka. Maji yanayozidi yanarudi nyuma na kutafuta mlango wa mtu. Kijito kilicho wazi, chenye kingo zilizolazwa, kinafanya kinyume: maji yakipanda kinapata upana zaidi, kinajaa kwenye nyasi na bustani zilizotengwa kwa kazi hiyo, kisha kinashuka.

Halafu kuna kuziba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tumeiona, lakini chupa za maji na soda bado zipo, na mchanga unaoshuka na kila mvua haujapigwa marufuku na mtu. Tawi la mti likikwama ndani ya kalavati, chupa zinajipanga nyuma yake, mchanga unajaza mapengo, na hakuna anayejua mpaka usiku wa mvua kubwa. Kwetu iliwahi kutokea hivyo. Tuliamka maji yako usawa wa kitanda, na asubuhi vijana walipovunja slabu walikuta godoro. Godoro zima, limejikunja kwenye mdomo wa kalavati kama kizibo. Kama pangekuwa wazi, mtoto yeyote anayepita kwenda shule angeliona wiki nzima kabla.

Siahidi kwamba ukifunua hutaona mafuriko. Mvua ya kupita kiasi itajaza chochote. Ila utaona tatizo likija, na utaweza kulitoa kwa mikono.

Maji yenyewe ni machafu na yananuka. Kwa nini tufunue uchafu?

Ukifunua leo bila kufanya lingine, utakuwa umefunua mtaro wa kinyesi, na watu watakuja kukuomba uufunike tena. Nakubaliana nao kabisa. Ndiyo maana nasema mpangilio.

Uchafu mwingi wa vijito vyetu unaanzia vyooni. Kwenye mwamba huwezi kuchimba shimo refu. Shimo fupi linajaa haraka, gari la kunyonya halipandi kwenye vichochoro vya ngazi za mawe, basi mvua ikianza watu wanatapisha vyoo. Kila mtu anajua, hakuna anayelisema kwenye mkutano. Maji ya mvua yanabeba kinyesi hadi kijitoni, kijito hadi Mirongo, Mirongo hadi ziwani. Na mji huu unakunywa maji ya ziwa hilohilo. Mitambo ya Capri Point inavuta maji ziwani, inayasafisha na kuyarudisha kwenye mabomba yetu. Kinachomwagwa Mabatini usiku wa mvua hakiendi mbali na sisi.

Dawa yake inajulikana na imeshaanza kutumika hapa hapa. Ni mabomba membamba ya majitaka yanayopitishwa juu na katikati ya mawe, nyumba hadi nyumba, badala ya bomba kubwa linalohitaji mtaro mrefu wa kuchimba. Ukipita mitaa ya mlimani kama Igogo na Mabatini utayaona yamefungwa kwenye miamba. Mabomba hayo yanaungana na mtandao wa jiji, ambao majitaka yake yanasafishwa kwenye mabwawa ya Butuja, Ilemela. Nyumba zilizo juu ya kijito zikiunganishwa, harufu inapungua kabla hujagusa slabu hata moja.

Kwa hiyo: kwanza vyoo, pili taka, tatu ndiyo nyundo. Anayekuletea nyundo kwanza mwombe asubiri.

Maji ya kuogea na kuoshea vyombo ni suala jepesi zaidi. Hayo unaweza kuyapitisha kwenye kitanda cha changarawe na matete kabla hayajafika kijitoni.

Mbu hawataongezeka?

Mbu anataka maji yaliyosimama. Kuanzia yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, na katika muda huo maji yakitembea, viluwiluwi wanasombwa. Chini ya slabu maji yanasimama kwenye madimbwi machafu yasiyofikiwa na mtu, na mbu aina ya kuleksi, yule anayelia sikioni usiku kucha, anayapenda maji machafu hayo. Anofelesi, anayeeneza malaria, anapendelea maji masafi yaliyotulia penye jua. Kwa hiyo kijito kilichofunuliwa kikaachwa na madimbwi kinaweza kweli kumkaribisha. Mteremko lazima upimwe vizuri, na mchanga utolewe kila baada ya mvua.

Na kichocho?

Mnyoo wa kichocho unaokaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo ya watu wa kanda ya ziwa huanza safari yake kwenye kinyesi cha binadamu, unaingia kwa konokono wa majini, kisha unarudi kwa mtu kupitia ngozi. Ukikata kinyesi, umekata mnyororo. Tumerudi kwenye vyoo tena. Mpaka hapo patakaposhughulikiwa, watoto wasiogelee kwenye kijito chochote cha mjini, kiwe wazi au kimefunikwa.

Wapi wamefanya hivi kikafanikiwa?

Mfano unaotajwa zaidi ni Cheonggyecheon, mjini Seoul, Korea Kusini. Kijito kile kilianza kufunikwa mwaka 1958, baadaye ikajengwa barabara ya juu kwa juu hapo hapo. Kati ya 2003 na 2005 waliibomoa barabara na kufunua karibu kilomita 5.8. Leo watu wanakaa pale kupunga upepo, na hewa ya kando ya maji ni ya baridi kuliko mitaa ya jirani. Naupenda mfano huo, lakini natoa onyo pia. Maji mengi yanayopita pale yanasukumwa kwa pampu, kiasi cha tani 120,000 kwa siku, hasa kutoka mto Han, na wafanyabiashara wengi wadogo walihamishwa kwa uchungu. Sisi hatuna umeme wa kuchezea hivyo, na machinga wetu hawana pa kwenda.

Ninaoupenda zaidi kwa ajili yetu ni Zürich, Uswisi. Mji ule nao una milima juu yake, na maji safi ya vijito vya msituni yalikuwa yanaingizwa kwenye mabomba ya majitaka na kusafishwa kwa gharama kubwa bila sababu. Tangu 1988 wamekuwa wakivitoa vijito hivyo kimoja kimoja na kuvirudisha juu, baadhi vikipita kandokando ya barabara za mtaani, vyembamba tu. Hakuna aliyekata utepe wa mradi mkubwa. Ni kazi ya miaka na miaka.

Singapore nako, kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, walivunja mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7 wakaugeuza mto wenye kona wa kilomita 3.2, uliokamilika 2012. Mvua ikija, bustani yenyewe inakuwa sehemu ya mto. Na Berkeley, Marekani, mwaka 1984 walifunua kipande cha kama mita 60 tu cha Strawberry Creek. Mita sitini! Ni kama kutoka kwenye kona ya mtaa wangu hadi kwa muuza mkaa.

Na karibu na sisi?

Nairobi wana Michuki Park, kandokando ya Mto Nairobi, iliyotokana na kampeni ya kusafisha mto iliyoongozwa na Waziri John Michuki kuanzia 2008. Dar es Salaam wana mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao wazo lake kubwa ni kuuachia mto nafasi ya kujaa Jangwani badala ya kubishana nao.

Kampala ni somo la aina nyingine. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji na uchafu wa katikati ya jiji hadi ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na mitambo ya maji ya Gaba inavuta maji kwenye ghuba hiyohiyo. Kati ya mfereji na ghuba palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo kilichofanya kazi ya kichujio bila mshahara. Kilipolimwa magimbi na kujengwa, kazi hiyo ikahamia kwenye mitambo. Ukiona mafunjo mdomoni mwa kijito chochote cha Mwanza, tafadhali usiruhusu yafyekwe.

Nyumba yangu itapigwa X, alama ya kubomolewa?

Hofu hii ndiyo inayowafanya watu wengi wakatae kabla hawajasikiliza, na nawaelewa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ukichukua kamba ya mita 60 ukapima kila upande wa vijito vyetu, utakuwa umegusa mitaa mizima. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mtu anayeondolewa kwenye haki yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ugomvi unaanzia pale anapoambiwa kwamba eneo la hifadhi halikuwa haki yake.

Maoni yangu: tuanze na mahali ambapo hakuna nyumba ya kubomoa. Uwanja wa shule, ua wa nyuma wa soko, kipande cha barabara ambacho kinavunjwa kila mwaka kwa matengenezo. Viko. Mradi wa kwanza ukianza kwa kumtoa mjane kwenye chumba chake, hautapata wa pili, na wala haustahili.

Machinga na mama lishe walio juu ya slabu?

Washirikishwe tangu siku ya kupima, waonyeshwe kwenye mchoro watakapokaa, na wakae karibu na hapo hapo. Kivuli na maji yanayopita vinaleta wateja. Mama lishe mmoja aliniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye mkutano: “Huo mti mtakaopanda, kivuli chake saa saba mchana kitaangukia wapi?” Mhandisi akaliandika.

Itagharimu sana?

Gharama kubwa ziko kwenye kuhamisha mabomba na nguzo, kubeba kifusi na kulipa fidia. Kazi yenyewe ya kingo, sisi tumejaliwa. Mawe tunayo, mafundi wa kujenga kwa mawe tunao, na kokoto zinapondwa mlimani na akina mama kila siku. Zege lililovunjwa linaweza kupangwa kama ngazi za kushukia. Na kalavati lililochakaa lazima lijengwe upya kwa vyovyote vile, kwa hiyo linganisha gharama hizo mbili, usilinganishe kufunua na kukaa bure.

Tuanzie wapi, katikati ya jiji au mlimani?

Mlimani. Najua wanasiasa wangependa picha ya katikati ya mji, lakini kijito kinasafishwa kuanzia kichwani. Juu maji ni machache, si machafu sana, na watu ni majirani wanaofahamiana. Pandeni nyasi za vetiva kwenye makorongo, jengeni vizuizi vifupi vya mawe vya kupunguza kasi na kunasa mchanga. Vijana wanaozoa mchanga baada ya mvua na kuuza kwa wajenzi wasifukuzwe. Wapewe mahali maalumu pa kuuzoa, kwa sababu hiyo ndiyo timu ya matengenezo ambayo tayari inajilipa.

Tupande nini kwenye kingo?

Matete na mafunjo penye maji, vetiva kwenye mteremko, mianzi mbali kidogo na kuta za watu. Mkaratusi hapana.

Niende ofisi gani?

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpate muhtasari wa mkutano wenye sahihi. Bila karatasi hiyo utazungushwa. Barabara na mitaro yake mingi iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Majitaka ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Maji ya mto wenyewe yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa Mwanza. NEMC, baraza la taifa la mazingira, watataka kujua athari kwa mazingira kabla ya kazi kubwa, na ramani na mipango miji ni kwa halmashauri. Ndiyo, ni ofisi nyingi kwa kijito cha upana wa kitenge. Waombe waje siku moja, wote, wasimame mahali pamoja.

Vijito hivi vina majina?

Vinayo, ila yako vichwani mwa wazee. Kabla ya kupima chochote, chukua daftari, kaa na wanaokumbuka, andika kila jina na mahali lilipoanzia na kuishia. Mayu alinitajia la kwetu: waliliita kwa jina la mzee aliyekuwa na shamba la mihogo pale juu. Nimeenda nalo ofisini kuona ramani ya mtaa wetu. Pale kijito kinapopita pameandikwa “mtaro”. Nimeomba pasahihishwe, na mayu amekubali kuja kuonyesha na fimbo yake jiwe lilipo.